Gitaa la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na bendi yake moja ya roki ya Waingereza ambayo hakuna aliyeweza kumwambia kitu juu yake. Tukitoka nyumbani Brampton, huku ughaibuni, asubuhi kwenda kazini, mimi nikiendesha, alinisimulia habari zao kama za watoto wa shangazi: vijana wanne, wawili wao wa eneo la viwanda, walioanza kwa kuiga bluzi za Wamarekani weusi kwenye vilabu vidogo, kisha wakaongeza sauti mpaka kuta zikatetemeka.

"Sikiliza, dada. Gitaa na besi zinapiga kitu kimoja, halafu mpiga ngoma anachelewa kidogo, makusudi. Ndiyo maana inakuwa nzito."

Mimi nilisikia kelele. Nilimwambia apunguze.

Jumapili alipiga gitaa kanisani kwetu, Downsview. Siku moja, katikati ya wimbo wa kuabudu, aliivuta noti moja juu, akaing'ang'ania, ikalia kama mtu aliyefiwa. Baadhi ya watu walifumba macho. Wengine waligeuka kunitazama mimi.

Baada ya ibada mchungaji alituita ofisini. Alisema kwa upole kwamba muziki ule ni wa baa. Mdogo wangu akanigeukia.

"Dada, mwambie."

"Mchungaji amesema kweli," nikajibu.

Hakubishana. Alirudi madhabahuni, akachomoa waya wa gitaa, akaukunja vizuri, akaondoka. Hakukanyaga tena kanisani. Garini naye akawa wa kutazama dirishani tu. Asubuhi moja nilijaribu kumchangamsha, nikamuuliza bendi yake inaendeleaje.

"Walivunjika zamani," akasema. "Mpiga ngoma alikufa, wakaona hawawezi kumweka mwingine mahali pake."

Miezi yote ile ya kunisimulia, hapo hakuwahi kufika. Au alifika, nikawa sisikilizi.

Moyo wa mdogo wangu ulisimama mchana mmoja, akiwa kazini, kwenye ghala la mizigo. Alikuwa hajatimiza miaka arobaini. Kwenye mazishi kwaya iliimba vizuri, na mchungaji akamsifu kwa utumishi wake. Nilikuwa mstari wa mbele. Niliitikia "Amina" pamoja na wengine.

Jioni mama alipiga simu kutoka Nakuru. Alikuwa amenyimwa viza ya kuja.

"Mlikuwa mnaongea vizuri, wewe na yeye?" akauliza.

"Vizuri, mama."

Akamshukuru Mungu. Nikamsikia akilia.