Ndimi Tano kwa Sabuni Moja

Juzi nilihudhuria semina ya wafanyabiashara hapa Kisangani, kwenye ukumbi wenye feni tatu, moja ikizunguka. Mtaalamu mwenye tai alizungumza asubuhi nzima juu ya uongozi wenye akili na maendeleo endelevu ya kampuni. Aliposema kwamba kiongozi bora ni yule ambaye kazi yake inaendelea hata asipokuwepo, nikaanza kucheka. Nina ugonjwa huo tangu utotoni: kicheko hunijia pale pasipotakiwa, kanisani, kwenye matanga, mbele ya polisi. Safari hii nilikuwa nimemkumbuka Mama Patron na beseni lake kichwani, na jirani yangu ikabidi anipige mgongoni.

Mama Patron ndiye mwenye karakana ya sabuni nilikofanya kazi, kule Mangobo. Tulikuwa watano chini yake. Papa wa moto, mvuvi wa zamani kutoka Yanonge, alichochea kuni chini ya pipa. Tonton wa waya, mtu wa Maniema, alikata sabuni kwa waya mwembamba, na vipande vyake vilinyooka kuliko rula. Dada wawili walifunga. Mimi nilikuwa wa mwiko, nikikoroga mafuta ya mawese na soda kali mpaka mabega yakawa ya mwanamieleka. Kila mtu alijua kazi yake. Kazi moja tu hatukuijua, na hiyo ndiyo iliyobeba biashara nzima.

Sabuni ya mawese, kwetu, hupimwa kwa ulimi. Unagusisha kidogo, unatema, unasukutua. Soda ikizidi, unapigwa kama umeshika waya wa umeme, siku ambayo umeme upo. Ikiwa imeiva, unapata ladha mbaya ya sabuni, basi. Ulimi wenye ruhusa ulikuwa mmoja, wa Mama Patron. Hakuna sabuni iliyotoka mlangoni kabla hajailamba. Akishikwa na malaria, karakana nayo inalala. Akienda kwenye matanga siku tatu, sabuni inamngoja siku tatu, na wateja wetu wa Bengamisa wanakwenda kununua kwa wengine.

Halafu binti yake akajifungua huko Basoko. Mjukuu wa kwanza, wa kike. Mama alipopata picha kwenye simu aliibusu simu, akatuonyesha sisi sote, akatoka nje akamwonyesha hata muuza mkaa. Kisha akaketi juu ya gunia akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Basoko ni safari ya boti: kuna siku za kwenda, siku za kukaa na mtoto, na siku za kungoja boti ya kurudi ambayo hakuna ajuaye itaondoka lini. Mwezi mzima unakwisha hivyo, na mwezi bila ulimi ungetumaliza. Nilimwona akijifuta macho kwa pindo la kikwembe, na mara hiyo sikucheka.

Kesho yake alikuja amenyooka kama mwalimu. "Bon," akasema. "Nitawafundisha kuonja, ninyi wote tano. Batu tatu bakiitika, sabuni inatoka. Batu tatu bakikatala, inarudi ku pipa. Miye niko naenda kuona mutoto."

Basi kila asubuhi watu wazima watano tulikaa kwenye benchi, tumetoa ndimi nje. Wiki ya kwanza tuliungua wote. Papa wa moto aliongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na tulikula pondu, majani yetu ya muhogo, bila pilipili, jambo ambalo mjini kwetu ni sawa na kufiwa. Lakini wiki ya pili tulikuwa mabingwa. Mama anaonja, anatupitishia kipande, na sisi kwa sauti moja tunajibu: bien, yaani imeiva, au inachoma. Hatukukosa hata mara moja. Mama alianza kuulizia boti.

Aliyetuumbua ni siafu mmoja. Alimuuma Mama mguuni wakati sisi tumeshika kipande mdomoni, naye akakunja uso. Sote watano tukasema, inachoma. Ilikuwa sabuni nzuri kabisa, ya juzi, aliyokuwa ameshaogea.

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Munajua uso yangu," akasema taratibu. "Sabuni, hamuijue."

Ilikuwa kweli, na aibu yake ilinishika hadi masikioni. Siku zote zile za ubingwa hatukuwa tumeonja kitu. Tulikuwa tunasoma nyusi za Mama.

Ndipo akachukua beseni kubwa la kuogea, akalivaa mpaka mabegani, akakaa mbele yetu kama sufuria yenye miguu. "Sasa muonje," sauti ikatoka ndani, nzito kama ya padri. Nilianguka kutoka kwenye benchi. Nililia kwa kucheka. Mteja aliyeingia wakati huo alisalimia beseni kwa heshima zote, beseni likamwitikia, akatoka bila kununua.

Lakini chini ya beseni hakukuwa na uso, na sisi tukawa yatima. Huyu anasema bien, yule anasema inachoma, wa tatu anasema labda. Ilichukua siku nyingi. Polepole, katikati ya mate na maji ya kusukutulia, ulimi wangu ukaanza kunieleza mambo. Ilikuwa furaha ya ajabu, ya kunifanya niimbe barabarani.

Ikafika siku ya mwisho. Boti ilikuwa ya kesho asubuhi. Pipa la mwisho lilikuwa la Bengamisa, na wenye pikipiki walikuwa wanangoja mlangoni na kamba zao. Mama aliingia mbio, begi begani, akiwa ametoka kunywa tangawisi kali kwa jirani aliyekwenda kumuaga. Akagusa sabuni kwa ulimi, uso ukang'aa wote. "Iko bien. Mufunge."

Papa wa moto akaonja, akautazama uso ule, akasema bien. Tonton akasema bien. Wale dada wawili wakasema bien. Nikaonja mimi, na sabuni ikanipiga.

Nilitema mate machungu nikifikiri. Ndimi nne zilikwisha kukubali, na tatu zilitosha, na wa Mama juu yake. Nikikataa, tunapika upya hadi jioni, na mwanamke huyu ambaye hajaenda popote tangu nimjue ataahirisha, na boti itamwacha, na mtoto atakua bila yeye kumwona. Tena nikikosea nitakuwa mjinga wa karakana hadi kufa kwangu. Niliogopa sana, na kwa kuwa niliogopa, nikacheka.

"Uko nacheka nini?" Mama akauliza.

"Mama, inachoma."

Papa wa moto akachukua kipande tena, safari hii amefumba macho. Akatema. "Njo vile," akasema. "Inachoma." Mama akasukutua mara mbili kuitoa tangawisi, akalamba, akaruka nyuma hatua nzima.

Nilisubiri aseme safari imekufa. Akaweka begi chini, akatutazama, na kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko changu.

"Donc naweza kwenda," akasema.

"Mama, tulikosa batu wane," Papa akamkumbusha kwa masikitiko.

"Na miye wa tano. Lakini moja alisema hapana. Tangu leo, mutu moja akikatala, inarudi ku pipa, hata kama ni miye nimeitika." Halafu akaenda zake kusuka nywele, akatuachia pipa. Tuliikata sabuni vipande vidogo, tukairudisha motoni, tukaongeza mawese, na wakati wa kuonja tulipokezana beseni kichwani ili asiwepo wa kutazamwa.

Asubuhi nilimpelekea bandarini kipande kimoja cha pipa hilo, cha kumwogeshea mjukuu. Njiani nilikuwa nimekilamba mara nne. Nilisimama nikingoja atoe ulimi, maana sikuwahi kuona sabuni ikipita mkononi mwake hivi hivi, na hii ilikuwa ya ngozi ya mtoto mchanga.

"Mama, hauonje?"

"Weye ulionja?"

"Nilionja."

Akakifunga ndani ya nguo za mtoto, akapanda boti.