Lori la Mezani la Mzee Breki

Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote bila kumpita mwenzake kwenye kona hata mara moja, watu watamwita nini kama si Breki? Utingo wake ndiye aliyeanza kumwita hivyo kwa kejeli, jina likamganda, na mvi zilipoingia likapata "Mzee" mbele yake. Wenye malori walimpenda kwa kuwa mizigo yao ilifika mizima. Madereva wenzake walimcheka na kumwacha nyuma. Wengine walifika kabla yake, na wengine hawakufika kabisa.

Kilichomsimamisha hakikuwa ajali, kilikuwa kiharusi. Asubuhi moja alitaka kushuka kitandani, mguu wa kushoto ukakataa. Matibabu yalimrudishia maneno, yakamrudishia mkono, na mguu yakaurudisha nusu. Leseni haikurudi. Akawa anakaa kwenye kiti cha dirishani, anasikiliza magari yakipita na kuyataja kwa mlio wa injini, hadi siku moja akaacha hata kuyataja. Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyokunja pindo la nguo lisionekane, alisema afadhali mumewe angegomba. Kimya cha mtu aliyezoea kupiga honi kilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Aliyewaokoa ni mpwa wa Breki, mtoto wa dada yake. Alipopata kazi mbali, alimwachia mjomba wake kompyuta yake ya michezo, pamoja na usukani wa mezani na pedali zake. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo wa kuendesha malori.

"Mjomba, gari la humu halina klachi," alimwambia. "Mguu wa kulia unatosha."

Breki aliguna kwamba yeye si mtoto wa kuchezea vikaragosi. Kesho yake akaketi "kuangalia tu". Haukupita muda, alikuwa anamfokea dereva wa basi aliyemchomekea, na Mama Pindo, aliyekuwa akishona pembeni, aliinamisha kichwa kwenye nguo ya watu ili mumewe asimwone analia.

Tangu hapo jioni za nyumba ile zikawa na safari. Wakishamaliza chai, Breki anapakia mzigo, mkewe anasogeza kiti chake upande wa utingo, wanaondoka. Katika ndoa yao yote Mama Pindo hakuwahi kupanda lori la mumewe. Wenye malori walikataza abiria, na watoto hawakuwa na wa kuachiwa. Barabara alizijua kwa vumbi tu, lile alilolifua kwenye mashati. Sasa alitaka kujua kila kitu: pale mnapumzika, hapa mnapimwa uzito, yule askari anataka nini? Kwa furaha aliyokuwa nayo, akaishonea kompyuta kifuniko cha kitambaa kizito, kimetariziwa maua pembeni, kama anayemvalisha bibi harusi. Chumba kilikuwa hicho hicho cha kushonea, naye hakutaka ile mashine ya heshima iingiwe na uchafu.

Raha yao ikajaribiwa. Lori likaanza kukwama. Kwenye barabara kuu afadhali. Likiingia mjini picha inaganda, usukani unaukata sasa, lori linakata baadaye. Mzee Breki, ambaye hakuwahi kukwaruza hata nguzo ya geti, akaparamia mzunguko wa njia panda na kuangusha taa za barabarani. Mara ya kwanza walicheka wote. Baadaye akawa anazima kompyuta mapema. Halafu Mama Pindo akaingia jioni moja na chai mkononi, akamkuta mumewe kwenye kile kiti cha dirishani, hataji gari lolote.

Aliiweka chai mezani. Alikwenda chumbani, akarudi na akiba yake, akamwekea mumewe kiganjani na kukifumba. Breki alijua ni fedha za nini. Zilikuwa za mota ya cherehani. Cherehani ya mkewe ilikuwa ya kukanyaga, na magoti ya Mama Pindo yalikuwa hoi. Kila akimaliza kazi aliyakanda kwa maji ya moto, akidhani hakuna anayemwona.

"Kaitengeneze kompyuta. Mota itasubiri."

"Na magoti je?"

"Magoti ni yangu, hunisikiliza mimi. Nenda, baba."

Sasa anunue nini? Fedha zilitosha kifaa kimoja cha maana, na akikosea, amekosea juu ya magoti ya mke wake. Aliuliza watu, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mpwa alisema kwenye simu ni RAM. Mwenye kibanda cha michezo ya video alisema kadi ya picha, bila hiyo anajisumbua. Jirani, ambaye hana hata kompyuta, aliapa kwamba ni diski. Breki alitafakari kwa vitu vya nyumbani kwake. Prosesa, hiyo ni injini. Diski ni kabati la kuwekea vitambaa. RAM ni meza ya kukatia: ikiwa ndogo, kitambaa kinaning'inia na kazi inakwama. Na kadi ya picha ni kioo cha mbele. Ni dereva gani atakataa kioo kisafi? Moyo wake ukaangukia hapo.

Akaipeleka kompyuta kwa teksi, ikiwa na kifuniko chake, hadi kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja kijana mwenye miwani iliyopandishwa kwenye kilemba. Mlangoni tu, macho ya Breki yakatua kwenye kabati la vioo. Mlikuwa na kadi ya picha yenye feni tatu, inang'aa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Nataka ile," alisema, kabla hata ya salamu kumalizika.

"Karibu kwanza, baba. Ile ni nzuri, lakini inakula umeme mwingi, pawa saplai yako, kile kisanduku cha kugawa umeme, haitaiweza. Hebu tuone mgonjwa anaumwa nini."

Akaiunganisha mezani na kumpa Breki usukani wa pale dukani. "Endesha kama unavyoendesha nyumbani. Mimi naangalia namba."

Breki akaondoa lori. Pembeni mwa kioo ilionekana namba ya joto, ikipanda. Alipofika mjini, picha ikaganda na namba ikawa nyekundu. Pale hakuhitaji mkalimani.

"Inachemsha," alisema.

"Inachemsha," fundi alikubali. "Na hili vazi lake zuri, huwa linavuliwa ikiwa kazini?"

"Tunalikunja mbele kidogo, kwenye kitufe."

Fundi hakucheka, Mungu ambariki. Alichukua bisibisi, akafungua ubavu. Feni zilikuwa zimevaa manyoya ya nyuzi, mazito kama blanketi. Breki aliinama na kuzitambua rangi: buluu ya sare za shule, nyeupe ya shela ya binti wa jirani, kijani cha mapazia aliyoyatundika kwa mikono yake. Kazi yote ya mkewe ilikuwa imelala mle ndani.

Mganga hajigangi. Yeye, Breki, aliyewaambia matingo wote waliopita mikononi mwake kwamba lori likikosa nguvu mlimani usiitukane injini, kaangalie kwanza kichujio cha hewa! Alicheka peke yake mpaka fundi akamwuliza kama yuko salama.

Ikapulizwa, ikasafishwa, prosesa ikapakwa dawa mpya ya kupooza joto. Lori likapita mzunguko kama maji, likasita kidogo tu sokoni. Fundi akamwonyesha namba nyingine: RAM ilikuwa imejaa pomoni. Akatoa kipande cha mtumba, akakipachika, na kusita kukaisha. Kumbe mpwa naye hakukosea kabisa. Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba Breki aliomba irudiwe.

"Na hizo fedha zilizobaki," fundi alisema, "ukipenda nina kadi ya mtumba na pawa saplai ya kuibeba. Picha itapendeza. Mvua utaiona tone kwa tone."

Msidhani mzee alikataa papo hapo. Alimeza mate. Aliiona mvua ile, na mkewe akisema, "Washa waipa." Huku anafikiri, mguu wake wa kulia ulikuwa bado juu ya pedali, unapanda, unashuka, na paja limeanza kuwaka moto kwa safari moja tu ya majaribio. Akautazama mguu ule. Safari moja! Mama Pindo alikanyaga tangu asubuhi hadi jua linazama, na wakati yeye yuko barabarani, mguu wa mke ndio uliovisha na kulisha watoto mshahara ulipochelewa.

"Asante sana, mwanangu. Umenifanyia jambo kubwa kuliko unavyojua," alisema. "Vyerehani na vifaa vyake vinauzwa wapi hapa karibu?"

Nyumbani, Mama Pindo alifungua boksi akidhani ni kifaa cha kompyuta. Alipoiona mota, alikaa chini.

"Nilikutuma nini, na wewe umeleta nini?"

"Kompyuta imepona. Ilikuwa inakabwa." Breki alikohoa. "Na kile kifuniko chako, mke wangu."

Alitegemea aone huzuni. Mama Pindo aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Yaani nimeinyonga kwa mapenzi!" Mumewe naye akacheka, na machozi yakawatoka wote wawili, si ya kicheko peke yake. Breki alisema waziwazi, jambo ambalo hakulizoea, kwamba anamshukuru Mungu kwa kumrudisha nyumbani angali anaweza kumwona mkewe.

Mota ikafungwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kile kifuniko. Mama Pindo alikikata bila kusita, akashona gamba la usukani, maua kwa nje, miguu yake imetulia sakafuni.

Jioni wakaondoka na mzigo. Mjini wakapita salama, wakapanda mlima, na kule juu bonde lote likafunguka mbele ya kioo.

"Ulikuwa unapita mahali kama hapa?"

"Mara nyingi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Simama basi, nipaangalie."

Miaka yake yote Mzee Breki hakuwahi kusimama mahali kwa sababu panapendeza. Mzigo ulikuwa unangojwa. Aliwasha taa ya pembeni, akasogeza lori kando ya barabara, akazima injini.