Mti wa Mpakani na Redio ya Tangi

Watu wa maji walikuja Jumatatu asubuhi nikichuma majani chai. Walikuwa wawili, fundi na dereva, na gari lao lilijaa nyaya na vyuma. Fundi hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, hiki changu cha darasa la tatu.

"Nyanya, tunabadilisha redio ya tangi," akasema.

Tangi liko juu ya shamba letu, huku juu ya Keumbu. Redio ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiwaambia watu wa pampu kule bondeni maji yamefika wapi, lakini siku hizi mvua ikinyesha inanyamaza, nao wanazima pampu, na mifereji yetu ya bomba inakauka. Kwa hiyo niliwakaribisha vizuri, hata ndizi nikawapa.

Kisha fundi akanyoosha kidole kwenye mti wangu.

"Huu umeziba njia. Redio mpya lazima iione ile ya bondeni, kama watu wanaoangaliana. Itabidi tuukate."

"Ya zamani ilionaje?"

"Ile ilipenya majani kidogo. Hii inabeba habari nyingi, lakini majani yanaishinda. Na mti nao umekua."

"Redio mpya, inashindwa na majani?"

Dereva akacheka. "Nyanya, hata simu mpya ndiyo huisha chaji haraka."

Mimi sikucheka. Mti ule ni omotembe, wenye maua mekundu, ambao kwetu hatuufanyi kuni, na zamani watu waliapa wakiushika. Uko kwenye mpaka wa shamba langu na la shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Baba mkwe alipogawa shamba alisimama hapo na wazee watano. Nilikuwa bibi harusi mpya, nikawaletea uji, ndiyo maana niliona. Majina yao matano ninayo, pamoja na ya baba zao. Siyaandiki hapa. Wote wako chini ya udongo, na hati ya shamba mpaka leo ina jina la baba mkwe. Mashahidi tumebaki mti, mimi, na shemeji.

"Nani alikuambia mti huu unakatwa?" nikamuuliza fundi.

"Mzee wa upande ule. Alisema hakuna shida, tena tung'oe mpaka kisiki, kisije kikakusumbua."

Kisiki. Redio inaangalia kutoka juu ya tangi, kisiki kitaizibaje? Nikaweka kikapu cha majani chai chini, nikaketi kwenye mizizi.

"Panda tangini," nikamwambia, "uniambie ni matawi gani hasa."

Alipanda, akaangalia bondeni, akanionyesha. Yalikuwa ya juu tu. Akashuka na fomu ya ruhusa ili nitie sahihi. Nikamwambia aandike kwanza kwamba mti uko mpakani, kwamba shina linabaki, na wenye shamba pande zote mbili watie sahihi.

"Nyanya, hii ni fomu ya maji, si ya mashamba."

"Na huu ni mti wa mashamba, si wa maji."

Akakuna kichwa, akaandika. Dereva akaenda kumwita shemeji. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, kwa maana ni mzee wa kanisa. Akaishika fomu muda mrefu.

"Miwani nimeiacha nyumbani."

"Nyumbani ni pale, shemeji. Hata redio inapaona."

Akaenda. Alirudi jua likiwa utosini. Nikamwambia aje kivulini, aegemeze karatasi kwenye shina. Akasema jua halimsumbui. Alitia sahihi kwenye boneti ya gari, na hatua moja kuelekea mti hakupiga. Mimi nikaenda kwenye shina, nikaegemeza karatasi hapo, nikaandika jina langu polepole.

Matawi yakakatwa. Tangu siku ile mvua inanyesha na maji yanakuja. Fundi aliniachia nakala ya ile fomu, nami nimeiweka mahali ninapopajua mwenyewe.

Alisema matawi yatachipuka tena na watarudi kuyapunguza. Nilimwambia wakirudi wapitie kwangu kwanza. Na asubuhi nikitoka na ndoo, kabla ya kufika kwenye mfereji, huzunguka kwanza kwenye mti nikaangalia chini kwenye shina kama kuna jeraha la panga.