Kicheko Ndani ya Tarumbeta

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, ni fundi wa makochi. Ukifika kwenye karakana yake utamkuta na misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi, magoti yamezama kwenye sponji. Anabishana bei na wateja bila kuitoa hiyo misumari, na hajawahi kumeza hata mmoja. Haogopi mtu. Nimemwona kwa macho yangu akimtoa nje mteja mkorofi, na kochi la mteja huyo likafuata nyuma likiwa nusu uchi, kitambaa upande mmoja na mbao upande wa pili. Kwa hiyo siku aliponiambia kuna kitu kinamtia hofu, nilidhani anaumwa.

"Kitu gani, Mama mdogo?"

"Tarumbeta," akasema, akarudi kugongomea misumari.

Tarumbeta lenyewe lilikuwa la Mjomba, kaka yao mkubwa. Mjomba alikuwa askari wa zimamoto, na kikosi chao kilikuwa na bendi. Aliingia kwenye moto wa kila aina akatoka mzima, halafu siku moja akateleza kwenye ngazi za nyumbani kwake akiwa amebeba beseni la nguo, meno mawili ya mbele yakaenda. Na tarumbeta bila meno ya mbele halipulizwi, kwa sababu midomo inakosa pa kuegemea. Kila alipojaribu, upepo wote ulitokea dirishani, kama alivyosema mwenyewe akituonyesha pengo. Basi akamkabidhi Mama mdogo.

"Wewe una mapafu," alimwambia. "Mtu anayegombana kutwa nzima bila kukohoa ana mapafu."

Akamfundisha pale pale karakanani, baada ya kazi, mlango umefungwa. Sponji zinameza sauti, lakini hazimezi zote. Fundi saa wa mlango wa pili aliwahi kuja kuuliza kwa upole kama kuna mbuzi amefungiwa humo ndani. Mbuzi huyo alichukua muda kupona. Lakini alipona. Jioni moja nilipita kumpelekea uzi aliouagiza, nikasikia wimbo kabla sijagonga mlango, ule wimbo wa taratibu ambao Baba mdogo, mume wake, huupiga mluzi asubuhi akifunga kamba za viatu. Ulikuwa unatoka laini, umenyooka, kila noti imekaa mahali pake. Nilisimama pale nje na uzi wangu mkononi, nywele zimenisimama. Nilipogonga tu, ukakatika. Nikasikia mtu anacheka.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Watu wengine wakiogopa wanatetemeka, wengine wanatokwa na kijasho chembamba, wengine wanasahau hata majina yao. Mama mdogo anacheka. Si kwa furaha, jamani. Ni hofu tupu, ila imepotea njia. Inaanzia chini ya kitovu, inapanda kifuani, mabega yanaanza kucheza, na akishafika hapo hakuna wa kumzuia. Na huwezi kucheka huku unapuliza tarumbeta. Mdomo ni mmoja.

Mara ya kwanza kilimpata siku Mjomba alipowaleta wazee wawili waliokuwa naye kwenye bendi, waje wamsikilize. Mama mdogo akainua tarumbeta, akaona macho yale yote yamemkazia, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Wazee wa watu wakadhani wanachekwa wao. Mmoja akageuka ukutani haraka haraka kukagua zipu ya suruali yake.

Angeweza kuyaacha yaishe hivyo, apulizie sponji zake maisha yote. Lakini Baba mdogo alikuwa anakaribia kustaafu.

Baba mdogo alikuwa mwoka mikate katika kiwanda cha mikate, mtu wa tanuri tangu ujana wake. Ni mtu mwema, mpole, ila uso wake haukufundishwa kazi nyingine zaidi ya kukaa usoni. Hacheki. Mwambie kichekesho, atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atakuuliza yule mtu alifika salama? Pale kiwandani walimwita Jiwe, na si kwa ubaya. Wangemfanyia sherehe ya kumuaga, na Mama mdogo alikuwa amejiapiza kwamba atampigia ule wimbo wake mbele ya wote.

"Si umpigie nyumbani tu?" nilimuuliza.

"Nyumbani anajua kwamba nampenda," akanijibu. "Nataka wale wanaomwita Jiwe wajue kwamba kwake kuna mtu anampigia tarumbeta."

Basi tukaanza kazi ya kutafuta dawa ya kicheko. Kwanza aliuma ulimi. Akapata kidonda, kicheko kikabaki. Kisha Mjomba akamshauri afikirie mambo ya huzuni. Akafikiria msiba wa jirani, akakumbuka jinsi mchungaji alivyotaja jina la marehemu siye, wafiwa wakatazamana, na hiyo jioni hatukufanya tena lolote. Mwishowe nikaja na wazo langu. Nikayapanga makochi yote ya karakana kwa safu, kama ukumbi, nikasimamisha mto juu ya kila moja uwe ndio mtu. Akasimama mbele yao, akavuta pumzi, akayatazama. Kochi moja la kahawia lenye mikono mipana, lililojaa pale katikati, lilimkumbusha mwalimu mkuu wake wa zamani. Akaishia kulala kifudifudi juu ya huyo mwalimu mkuu, anapiga ngumi sponji, machozi yanamtoka.

"Jikaze kisabuni, mdogo wangu," Mjomba alimsihi.

"Sabuni yenyewe inateleza, kaka!"

Siku ikafika hivyo hivyo, bila dawa. Sherehe ilikuwa kwenye ghala la unga. Magunia yalikuwa yamesukumwa ukutani, trei za mikate zimepinduliwa ziwe meza, na wafanyakazi wote wamevaa mavazi yao meupe kama waliokuja kutibu mtu. Baba mdogo alikaa mbele kwenye kiti chenye mto mpya, ambao nadhani mnajua ulishonwa na nani. Meneja akasimama kuhutubia. Akasema kwamba katika miaka yote aliyofanya kazi pale, ndugu yetu huyu hakumwaga unga hata siku moja, si wa gunia wala ule mwingine wa kufukuzwa kazi. Watu wakacheka. Baba mdogo akatikisa kichwa taratibu, kuthibitisha.

"Sasa," meneja akasema, "naambiwa mke wa mwenzetu ana zawadi."

Nilimwona Mama mdogo akiinuka na tarumbeta lake. Alikuwa amevaa gauni la kijani, amependeza, na tayari mabega yalikuwa yanacheza. Moyo wangu ukaenda mbio kama mimi ndiye niliyeitwa. Akasimama katikati ya ghala. Kimya kikatanda, kile kimya cha heshima ambacho ndicho kibaya kuliko vyote. Akaweka tarumbeta mdomoni. Akafumba macho. Akapuliza, na kicheko kikamkuta katikati ya pumzi, kikaingia ndani ya tarumbeta, kikapita kwenye mabomba yake yote na kutokea mbele kikiwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya hapo. Chukua mbuzi, mlango wenye kutu na mtu anayepiga chafya, uwachanganye.

Mjomba akajifunika uso kwa kofia yake.

Mama mdogo akajaribu tena. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu safari hii mbuzi alikuwa na mwenzake. Huku nyuma wasichana wa kufungasha mikate wakaanza kubana pua. Mmoja akashindwa. Na ndipo pale mbele, kwenye kile kiti, tukasikia kitu kama birika linaloanza kuchemka: *hiiii. Hiii-hi.* Nikageuka. Alikuwa Baba mdogo. Amejikunja, mikono imeshika mbavu, meno yote nje, na sauti nyembamba ya ajabu inamtoka kana kwamba ilikuwa imehifadhiwa humo miaka mingi bila kutumika.

"Jiwe anacheka!" mtu akapiga kelele. "Jamani, Jiwe anacheka!"

Ghala likalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Meneja aliegemea gunia, gunia likapasuka, akawa mweupe kuanzia kichwani mpaka mkanda, na bado akawa anacheka na kukohoa vumbi. Mjomba alicheka, pengo lake likapiga mluzi. Mimi nilikaa sakafuni.

Mtu mmoja tu ndiye hakuwa anacheka. Mama mdogo alisimama pale katikati ameshusha tarumbeta, ametoa macho, anamtazama mumewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kicheko changu kilinihama, mwanangu," aliniambia baadaye. "Kilimhamia yeye. Nikabaki mtulivu kabisa, nikasema moyoni, kumbe! Haya, sasa nipige kabla hakijanirudia."

Akainua tarumbeta na kupiga. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Noti za kwanza zilipita katikati ya zile kelele kama mtu anayeomba njia sokoni. Kisha wa karibu wakanyamaza, wakafuata wa nyuma, mpaka ukabaki wimbo peke yake na vumbi la unga linaloelea hewani. Palikuwa na noti moja katikati iliyokwenda kombo. Aliiruka, akaendelea. Baba mdogo alijifuta macho kwa mkono wa shati, akawa anaufuata wimbo kwa kichwa mpaka mkewe alipomaliza. Akanyanyua kidole kimoja juu: tena.

Akapiga tena, haraka safari hii. Wasichana wa kufungasha wakageuza trei kuwa ngoma, meneja na unga wake akamshika mkono mpika chai wa kiwanda, wakazunguka, na Mama mdogo akazunguka nao huku anapuliza, gauni la kijani limepata madoa meupe kila mahali. Alipigishwa wimbo ule mpaka midomo ikamvimba.

Hofu haijamwisha, nisiwadanganye. Siku hizi anapiga na wale wazee wa zimamoto, na kabla ya kila shughuli huenda nyuma ya jengo akacheka peke yake mpaka kicheko kikauke. Wazee wanamsubiri bila wasiwasi, na yule wa zipu ndiye humshikia tarumbeta. Jumamosi iliyopita walialikwa kwenye ufunguzi wa duka la viatu, na Baba mdogo, ambaye hana pa kwenda asubuhi tena, aliomba apewe ngoma kubwa. Hajui kufuata mapigo hata kidogo. Wakaandamana mtaani kuelekea dukani, na walipofika kwenye kona bendi ikakata kulia, yeye akakata kushoto, akaenda peke yake mtaa mzima anadunda kwa bidii, uso umetulia tuli, na Mama mdogo nyuma yake anamkimbilia huku akipuliza bila kukosa hata noti moja.