Baruti Iliyoombewa

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ya utoto wangu ni wa bunduki inayojazwa risasi, klik-klak, na wala haukutoka kwenye bunduki. Ulitoka kwenye TV ya chogo ndani ya banda la gemu la kaka Side, nyuma ya soko la Kilosa, na ulikuja pamoja na harufu ya chapati, maana mama ntilie wa jirani alikuwa ameweka jiko lake kwenye bati lile lile lililokuwa ukuta wetu. Ndani kulikuwa na joto la kufa mtu. Wavulana walibanana kwenye mabenchi, jasho linawatiririka, na kila mmoja alipiga kelele kana kwamba wale askari wa kwenye kioo wanamsikia. Msichana nilikuwa peke yangu. Walinitania, wakaniuliza kama nimeacha maharage jikoni yanaungua, nami niliwajibu kwa kuwachakaza kwenye gemu mpaka wananyamaza. Side mwenyewe, mjukuu wa manamba wa mashamba ya mkonge, alikuwa mtu wa swala. Adhana ikilia alisema "Pozi!" na kila mtu, Mkristo kwa Mwislamu, aliweka pedi yake ya kuchezea chini mpaka arudi kutoka msikitini. Nimeingia makanisa mengi tangu siku zile na nidhamu ya namna ile sijaiona tena.

Watu huniuliza, mwanamke mzima mwenye steshenari yake hapa Mikumi, nacheza gemu za nini. Wanauliza kwa sauti ya kumuuliza mlevi habari za pombe. Mimi huwa nacheka tu, lakini moyoni nakereka. Baba yangu alicheza bao mpaka ugali ukapoa, na hakuna aliyemwita mhuni. Mjomba wangu alikuwa na redio aliyoifungua na kuifunga kila Jumamosi, haikuwahi kuimba, na watu walimwita fundi. Kila mtu ana kitu chake cha kumsahaulisha dunia, jamani, tuachiane. Kaka yangu Elisha kitu chake kilikuwa gemu, tena si kucheza tu. Pedi ikifa, yeye ndiye aliyeifungua kwa kisu cha kumenyea viazi, akaunga nyaya, akairudisha hai. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo, lakini alishajua anachotaka. Side alimwambia mbele yetu sote kwamba akihamia Dar atamwachia banda, na pembeni yake Elisha atafungua kimeza cha kutengeneza simu. Elisha alikuwa na vidole vyembamba, virefu, kama vya mama, na nilikuwa napenda kuvitazama vikifanya kazi. Nilimpenda sana kaka yangu. Naona bora niliseme mapema, maana haya mengine hayasemeki vizuri.

Nyumbani tulikuwa na gobole, bunduki ya kienyeji. Baba alilirithi kwa babu, mtu wa milimani, na babu alitengenezewa na mhunzi ambaye mtutu aliutoa kwenye stering ya lori bovu. Lilikaa nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi, limefunikwa kanga ya mama iliyochakaa. Shamba letu lilikuwa barabara ya Mikumi, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi, na mtu asiyelima pale hawezi kujua nyani ni nini. Wanakuja mchana kweupe, familia nzima, wanachuma mahindi na kuyabana kwapani, wanakutazama usoni. Nyani hao hawaogopi watoto wala wanawake hata kidogo. Kwa hiyo ninaposikia vijana wa mtandaoni tunaocheza nao wakibishana kuhusu bunduki, huyu anazisifu, yule anazilaani, mimi siko upande wowote. Bunduki kwetu haikuwa ushujaa wala uhalifu. Ilikaa na mapanga na pampu ya dawa ya kuulia wadudu, na tuliiogopa kiasi kile kile tulichoiogopa ile dawa. Leo naichukia, lakini chuki yangu ni ya mtu aliyeishi nayo nyumba moja.

Sasa kulikuwa na desturi ambayo baba alishuka nayo kutoka milimani. Kabla ya kupanda, Waanglikana wa huko hupeleka mbegu na majembe kanisani yakaombewe. Baba alipeleka na gobole. Mwaka wa kwanza alipolibeba mpaka madhabahuni, katekista wetu alishtuka. "Mzee, na hilo nalo jembe?" Baba akamjibu, "Bila hili, katekista, jembe tunawalimia nyani." Kanisa zima likaangua kicheko, katekista naye akacheka, akaweka mkono juu ya mtutu na kuomba. Tangu hapo ikawa kawaida. Asubuhi ya Jumapili hiyo baba alikuwa analijaza kabisa, baruti na vipande vya nondo, anashindilia kwa ufito wa chuma, ila fataki tu, kile kidude cha kuiwashia baruti, ndiyo haweki. Na baruti ile ikishaombewa haikutolewa tena. Ingekaa humo mpaka mnyama wa kwanza aingie shambani, na mlio wake wa kwanza ndio ungefungua msimu. Kuitoa ilikuwa sawa na kuyamwaga maombi chini, baba alisema hivyo kila mwaka, na sisi tuliamini kama tulivyoamini kwamba mvua hutoka juu.

Mwaka ninaousimulia mvua ilinyesha bila huruma. Mahindi yalistawi mpaka majirani wakapita kuyaangalia, na yalipoanza kushika maziwa, ugonjwa wa ngiri ukamlaza baba. Alikataa kupasuliwa Kilosa. Alitaka hospitali ya misheni huko milimani kwao, kwa sababu aliamini kisu kinachotanguliwa na sala. Mama akaenda kumuuguza. Shule zilikuwa zimefungwa, basi tukatumwa shambani mimi na Elisha: yeye alinde, mimi nipike na kupiga debe la kufukuzia wanyama. Tuliishi kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na gobole likiwa limeegemezwa kwenye nguzo. Paa lilikuwa linavuja. Sikuwahi kumwona Elisha amechoka na maisha namna ile. Alilikumbuka banda, akawa ananisimulia gemu nzima kwa mdomo, milio na yote, huku vidole vyake vinabonyeza hewa. Mimi nilikuwa nashabikia kama vile naona kioo, na kwa kweli zile zilikuwa siku nzuri.

Nyani wakaja asubuhi moja baada ya mvua. Elisha aliweka fataki, akalenga juu ya vichwa vyao, akafyatua. Fataki ikalia ta, basi. Akaweka nyingine, ta. Nyani dume akakaa chini, akaendelea kumenya hindi lake. Nilipiga debe mpaka mikono ikaniuma na mwishowe wakaondoka kwa wakati wao, lakini tulijua watarudi, na upande ule wote wa shamba ulikuwa umelala kama umepitiwa na gari. Elisha akaweka gobole magotini. Baruti ilikuwa imelowa, hilo hata mimi mtoto wa darasa la tano nililiona.

"Si uitoe hiyo ya zamani kwanza?" nilimwambia.

"Weee! Nimwage maombi ya kanisa zima? Baba atanila nyama."

"Sasa utafanyaje?"

"Naongezea kavu juu yake. Zitasaidiana."

Akaongezea. Nilimwona akimimina baruti mpya kutoka kwenye pembe, akitia na vipande vingine vya nondo, akishindilia taratibu kwa uangalifu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyofanya akiunga nyaya za pedi. Kisha akatia unga mkavu wa baruti kwenye tundu la fataki. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nionavyo mimi, vitu viwili vilishika mikono yake asubuhi ile. Kimoja ni kile alichokulia nacho kanisani, kwamba kilichoombewa hakiguswi. Kingine ni mazoea ya bandani. Kwenye gemu sisi sote tulikuwa tunajaza risasi kila tukipata nafasi, hata kama zipo, hata bila kufikiri, kwa sababu kile kitufe hakimdhuru mtu. Hakuna gemu iliyowahi kumkasirikia mtu kwa kujaza kilichojaa. Elisha alikuwa na akili, haki ya Mungu alikuwa na akili kuliko sote, na bado hakuona. Akapangusa mtutu kwa shati lake, akaning'iniza miguu nje ya dungu, akasubiri.

Waliporudi jua lilikuwa limewaka. Aliniambia nizibe masikio, nami nikaziba, kwa hiyo nilichokisikia nilikisikia kifuani. Dungu zima lilitikisika. Moshi ulipopungua niliona mtutu umepasuka na kufunguka kama ganda la ndizi, na Elisha ameketi vile vile, anautazama mkono wake wa kulia, haelewi. Sitauelezea. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Viko wapi?" na mimi, Mungu anisamehe, nikashuka chini nikaanza kuvitafuta kwenye majani ya mahindi. Ni jirani wa shamba la pili aliyekuja mbio, akanivuta, akaufunga mkono kwa kanga ile ya mama tuliyolifunikia gobole, akampakia kwenye bodaboda akiwa katikati, mimi nyuma namshikilia kiunoni. Tulienda Mikumi kwenye utelezi, dereva akisali kwa sauti, na Elisha ameweka kichwa kwenye mgongo wake. Mkono ukakatwa kwenye kiwiko.

Kilichofuata ni kutafuta wa kulaumiwa. Mama aliyalaumu magemu, akaenda bandani kwa Side kumtukana mbele ya watoto, na Side alisimama ameinamisha kichwa, akasema tu, "Sina cha kujitetea, mama yangu, nipige." Vijana wa bandani walililaumu gobole. Polisi walikuja wakachukua mabaki yake. Katekista alikuja akaketi na sisi, akasema Mungu ana makusudi yake, na hapo ndipo mimi, na kichwa changu kigumu kama nazi, nilipoinuka nikatoka nje bila kuaga, na kwa namna fulani sijarudi mpaka leo. Naenda kanisani. Naenda kwenye misiba na Krismasi, naimba sauti ya pili, nafumba macho wengine wakifumba. Lakini nikifumba naona ganda la ndizi. Na baba? Baba alirudi na kovu lake, akaketi barazani, akawa anarudia maneno yale yale kwa kila aliyekuja kutupa pole: "Lakini ilikuwa imeombewa. Ile baruti ilikuwa imeombewa." Aliyasema kama mtu aliyedhulumiwa dukani. Aliacha bao, akaacha shamba, na mwishowe akaacha kula. Wanasema alikufa kwa presha. Mimi najua alichokufa nacho.

Sasa hivi ukipita nyuma ya soko, banda halipo. Side alihama kweli, na watoto wanacheza kwenye simu, kila mmoja kainama kivyake, hata pozi hawalijui. Treni ya umeme inapita Kilosa na watu wake wa viyoyozi, nyani wako pale pale, na katika shamba letu analima mtu mwingine anayewafukuza kwa mbwa na matusi. Mama bado anapeleka mbegu kuombewa kila mwaka. Nilishawahi kumuuliza anamwomba nini Mungu baada ya yale, akanitazama kwa huruma, akasema, "Namwomba asituchoke, mwanangu." Namwonea wivu, kusema kweli, kwa sababu yeye ana pa kupeleka na mimi sina. Kila siku nangoja moyo wangu urudi pale ulipokuwa, na kila siku hakuna kitu.

Elisha anaishi nami. Hakuoa. Simu hakutengeneza hata moja, ingawa mwanzo alijaribu kwa mkono wa kushoto na meno, mpaka siku alipoitupa bisibisi ukutani na kulala wiki nzima kaupa mgongo mlango. Jumapili mchana nikifunga duka huwa namkuta ameshawasha mashine yangu ya gemu. Anaweka pedi juu ya paja na kuishika kwa kidole gumba cha kushoto. Upande ule ni wa kutembea tu. Kugeuka, kulenga, kujaza, kufyatua, vyote vipo upande wa kulia. Nilimwambia tushirikiane, yeye kushoto mimi kulia, akakataa kwa ukali ambao sikuuzoea. Kwa hiyo yule mtu wake anatembea. Anapita kwenye magofu, anakanyaga bunduki zilizolala chini asiweze kuokota hata moja, anaelekea mbele alikoelekezwa uso, mpaka mtoto fulani wa mbali anamwona na kumpiga. Kioo kinakuwa chekundu. Elisha ananyoosha pedi kwangu bila kunitazama.

"Nianzishie tena."

Nabonyeza. Yule mtu anasimama, mzima, ana mikono yake yote miwili, na kaka yangu anaanza kumtembeza.