Uso wa Muuza Maziwa

Mteja alipomwuliza Mukunde mbele za watu, "Dada, haya maziwa ni ya leo kweli?", Mukunde alijua kwamba hazungumzii maziwa. Alikuwa anamtazama usoni. Na uso wenyewe, tusidanganyane, ulikuwa na la kusema. Vipele vidogo vidogo vilikuwa vimejaa kwenye paji, mashavuni na kidevuni, vingine na vichwa vyeupe, vingine vyeusi, na ukipitisha kidole unahisi mchanga. Haviumi wala haviwashi. Vilihamia tu, vikakaa.

Pale mtaani Batsinda baa ya maziwa si mahali pa mzaha. Watu huingia asubuhi kabla ya kazi, wanakunywa maziwa moto au mtindi kwa andazi, wanakwenda zao. Biashara yote ni usafi. Mukunde alikuwa amesimama nyuma ya meza ile miaka minne, kitambaa cheupe kichwani, na kabla ya vipele watu walikuwa wakisema maziwa anayomimina yeye ni matamu kuliko ya wenzake, ingawa yalitoka kwenye tangi lilelile. Sasa wanachungulia kikombe kabla ya kunywa.

Mwenye baa, Winifred, alikulia Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjavunja. Siku moja alimwita pembeni. "Mukunde, mimi nafungua duka ingine Kimihurura. Watu ya ofisi, watu ya mikutano. Nataka wewe ukuwe mkubwa wa pale, usimame mbele. Lakini hii sura iko shida. Nakupa miezi ine. Ikikataa, utabaki huku nyuma, kuosha mikebe." Alisema hayo akiangalia sakafu, maana hakuwa mtu mbaya.

Mukunde aliitaka Kimihurura mpaka ikamkosesha hamu ya chakula. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, akalelewa na ndugu, na kwa ndugu kazi yake ilikuwa ya nyuma ya nyumba: kuosha, kusugua, kuteka, kunyamaza. Winifred ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kumwambia asimame mbele. Halafu uso unamsaliti.

Nyumbani alikuwa na mumewe Silvère, na mama mkwe wake, Bibi Nahimana, aliyekulia Bujumbura na ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Bibi aliona mwanga na vivuli, basi. Watu aliwajua kwa mikono. Kila asubuhi Mukunde hupiga magoti mbele ya kiti chake, na Bibi huchovya kidole kwenye kibuyu kidogo cha samli ya ng'ombe, ile iliyofukizwa moshi wa majani, akamgusa paji la uso, shavu hili, shavu lile, kisha kidevu, akisugua polepole mpaka ikaingia. "Genda amahoro, mwanangu," anasema. Nenda kwa amani. Ndipo siku ya Mukunde inapoanza, na kwa kweli siku nyingine hicho ndicho kitu pekee kizuri kinachomfika mpaka jioni.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Mtaa mzima ukatoka kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, na baada ya kazi watu wakakaa kwa mkutano kama kawaida. Yakazungumzwa ya taa za barabarani, yakazungumzwa ya mbwa wa mtu fulani, na mkutano ulipofungwa watu wakahamia kwenye uso wa Mukunde. Hakuna aliyewaomba. Mzee Kalisa alisema ni maharage, aache maharage. Mwingine akasema la, maharage hayana kosa, ni parachichi. Wa tatu akasema ni damu chafu, anywe maji ya vuguvugu yenye kitunguu saumu. Mmoja akasema ni kijicho cha watu, apunguze kucheka na wateja. Na Christella wa saluni, ambaye hajui kunong'ona, akamnong'oneza kwamba anayo krimu ya kuchanganya mwenyewe, haiwekwi kwenye rafu, inakaa chini ya kaunta, itamng'oa ngozi yote na kumletea nyingine.

Akili za kuambiwa changanya na zako, wanasema wahenga. Tatizo ni kwamba Mukunde zake zilikuwa zimekwisha. Aliacha maharage, akaacha parachichi, akaacha hata maziwa, yeye muuza maziwa. Alijipaka dawa ya meno, ikamchoma. Akapaka asali, nzi wakamfuata mpaka kazini. Alisugua uso kwa kitambaa kigumu akaamka umevimba. Juu ya yote hayo akaendelea kuvibinya mbele ya kioo, jambo ambalo hata mjinga angemkataza, na kila alichokibinya kikaacha alama nyeusi. Ya Christella tu ndiyo hakuigusa, si kwa hekima, aliogopa.

"Mbona jana vilipungua nilipokula karanga, na leo vimeongezeka nilipoziacha?" alimwuliza Silvère.

"Labda rudia karanga," alisema Silvère, na hapo ndipo msaada wake ulipoishia.

Mwisho akaenda duka la dawa lililo karibu na kituo cha basi. Aliyekuwa pale ni Mugeni, msichana mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Alimweka karibu na dirisha akamtazama kwa muda mrefu.

"Hii si damu chafu, dada, na wala si maharage," alisema. "Ngozi ina vitundu vidogo. Mafuta na ngozi iliyokufa vikiziba pale mlangoni, uchafu unabaki ndani, ndio hivi vipele. Osha mara mbili kwa siku na sabuni laini, bila kusugua. Nitakupa dawa ya kufungua vitundu, upake kidogo jioni. Usibinye. Halafu uniandikie kila kitu kinachogusa uso wako, tutaondoa kimoja kimoja."

Mukunde aliandika kwa uaminifu wa mtoto wa shule. Aliandika sabuni, losheni, poda, kitambaa cha kichwa, mto, simu, mafuta ya nywele, mvuke wa maziwa na hata mikono yake mwenyewe.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Mugeni.

"Ndiyo hivyo tu."

Na hakudanganya. Mtu ukimwuliza anapaka nini usoni, hawezi kukuandikia baraka ya mama yake.

Wiki ileile dada yake Bibi aliugua kule Huye, Silvère akampeleka Bibi kumwona. Akakaa huko karibu mwezi. Na uso wa Mukunde, polepole, ukaanza kulainika. Kwanza paji, halafu mashavu. Wateja wakarudi kumwangalia machoni. Winifred akampeleka Kimihurura kumwonyesha meza mpya, akamwambia, "Hapa ndio utasimama." Mukunde alimshukuru Mungu, akaishukuru dawa, akaishukuru foronya mpya ya mto. Alifurahi kweli.

Bibi aliporudi, Mukunde alipiga magoti kwa hamu asubuhi ya kwanza. Zilipopita wiki mbili, vipele vilikuwa vimerudi vyote, kila kimoja mahali pake.

Siku hiyo alilia mbele ya Mugeni kama mtu aliyefiwa. Alikuwa amefuata kila neno. Alikuwa hajabinya, hajasugua, hajala chochote cha ajabu. Sasa hakujua amwamini nani, na alianza kufikiri huenda yule wa kijicho ndiye aliyesema kweli.

Mugeni alimgeuza tena dirishani, akanyoosha kidole bila kumgusa. "Dada, kuna kitu sielewi. Pua ni safi. Chini ya macho ni safi, kando ya masikio ni safi. Viko hapa," akaonyesha paji, "hapa," shavu, "hapa," shavu la pili, "na hapa," kidevu. "Mahali panne tu, na kila pahali ni upana wa kidole. Kuna mtu anakugusa?"

Mukunde akafumba macho. Akasikia harufu ya moshi wa majani.

Alitembea kwenda nyumbani akijigombeza mwenyewe. Aseme nini? Tangu mama yake afariki, hakuna mkono uliowahi kumshika uso kwa upole isipokuwa ule. Amwambie mama wa watu kwamba mkono wake ni ugonjwa? Lakini Kimihurura je? Arudi kwenye mikebe, nyuma, kwa sababu ya haya? Alijisikia mwovu kwa kuchagua, na mjinga kwa kutochagua.

Basi akafanya yale wanayofanya watu wengi waoga, na simlaumu. Asubuhi alipiga magoti, akapakwa, akabarikiwa, akazunguka nyuma ya nyumba penye bomba, akanawa kwa sabuni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne alikuwa ameinamia maji aliposikia fimbo ya Bibi ikigonga ukuta.

"Unaniosha," alisema Bibi Nahimana.

Mukunde alisimama pale, uso unamdondoka maji. Akasema yote, kwa kigugumizi, kuanzia Winifred mpaka dirisha la Mugeni. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono, akapapasa lile paji lenye maji, kipele kwa kipele.

"Nilikuwa nikivihisi," alisema. "Nilidhani samli haitoshi. Kila siku nilikuwa nikiongeza."

Akageuka akaingia ndani.

Zikapita wiki tano bila samli. Asubuhi Mukunde husema, "Mama, ninatoka," na Bibi hujibu, "Haya." Kibuyu kilikaa kwenye rafu kimefungwa. Uso ukalainika mpaka Christella akataka kujua ni krimu gani, na Mukunde alipojitazama kwenye kioo hakuona raha yoyote. Mtu anapata alichoomba, halafu anakaa nacho hajui akiweke wapi.

Siku ya kuanza kazi Kimihurura alivaa blauzi nyeupe na viatu vipya vya wazi. Akasimama mlangoni. "Mama, ninatoka."

"Njoo kwanza."

Bibi alikuwa amekipakata kibuyu, kimefunguliwa. Mukunde aliutazama mlango, akautazama ule mkono, na hata leo hajui kama angekataa. Alipiga magoti, akainua uso.

"Siyo hivyo," alisema Bibi, aliyehisi pumzi yake karibu. "Kaa kwenye kiti. Vua viatu."

"Mama, hapana. Mimi ndiye wa kukupaka wewe miguu."

"Winifred amesema utasimama, au hakusema?"

"Amesema."

"Basi lete miguu."

Akaketi. Bibi Nahimana, mwenye miaka sabini na sita, akashuka taratibu mpaka kwenye mkeka, akachovya samli, akaushika mguu wa mkamwana wake kwa mikono miwili, akaanza na kisigino.