Damu Iliyozama Haraka

Lempi Kangas alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na miwili kati ya hiyo aliipitisha katika chumba kimoja: maabara ya hospitali ndogo ya mji wa wachimba chuma, kaskazini mwa Minnesota. Baba yake alikuwa mchimbaji, na mumewe Reino vilevile, Mungu amrehemu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ndiyo ile ambayo vijana waliotoka vyuoni waliiona ya kizamani. Unajaza damu kwenye mrija mwembamba wa kioo, unausimamisha wima, unangoja saa nzima, kisha unapima chembe nyekundu zimezama kiasi gani. Kwa mwenye afya huzama kidogo tu. Lakini mwili ukiwa vitani, ini humwaga protini zake kwa wingi, chembe zikashikana kama sahani zilizopangwa, zikazama upesi.

"Kipimo hiki hakikwambii nani anapigana na nani," Lempi aliwaambia wanafunzi. "Kinakwambia vita ipo. Mengine katafute."

Jumapili moja ya Februari 1979, baada ya ibada, watu walikuwa wakinywa kahawa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Arvo, kaka wa marehemu Reino, alikuwa amekaa mbele ya kipande cha mkate mweusi alichokimega kidogo tu.

"Shemeji, leo umefunga?" Lempi akamchokoza.

"Meno haya ya bandia. Natafuna mara tatu, taya limechoka utadhani limebeba magogo. Na kichwa kinauma hapa." Akagusa panja. "Hata kitana sikitaki."

"Nywele zenyewe za kuchana ziko wapi?"

Meza nzima ikacheka, Arvo naye akacheka. Lempi akasogeza kiti karibu. "Na macho je?"

"Juzi la kulia liliingia giza, kama mtu kashusha pazia. Dakika mbili, likarudi. Uzee tu, shemeji."

"Uzee gani unakuja na kuondoka? Kesho saa mbili uwe hospitali."

"Kesho naenda ziwani kuvua kwenye tundu la barafu."

"Samaki watakungoja. Wana kazi gani nyingine? Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Akamchukua kweli. Daktari Pruitt, kijana mpole kutoka Iowa, alimpapasa Arvo mapanja, akaagiza kipimo. Lempi akatoa damu, akausimamisha mrija, akaendelea na kazi nyingine huku jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Saa ilipotimia akasoma: milimita mia na nane, ambapo kwa mzee mwenye afya hazizidi thelathini.

Akaduwaa. Labda mrija uliinama, chembe zikateleza upesi. Akaukagua: wima kabisa. Basi akachukua kipimo cha pili, cha ile protini ya ini ambayo hupanda mapema kuliko zote. Akachanganya tone la maji ya damu na tone la dawa nyeupe kwenye kioo cheusi, akakitikisa taratibu. Ule weupe ukakatika mabonge kama maziwa yaliyoganda. Akashika simu.

"Mia na nane, daktari. Na cha pili nacho kimeganda."

"Mishipa ya kichwa imevimba, nadhani," Pruitt akasema. "Nimpeleke hospitali kubwa ya Duluth kwanza, wakate kipande cha mshipa tuwe na hakika?"

"Uamuzi ni wako. Ila jicho lake lilishaingia giza mara moja. Alikwambia hilo?"

"Hakuniambia. Basi dawa ya kushusha uvimbe anaimeza sasa hivi. Kipande kitakatwa baadaye."

Jumatano kichwa kikapoa. Wiki iliyofuata jibu la Duluth likathibitisha: ni mishipa, na bila dawa ile angeweza kupofuka. Jicho halikuingia giza tena. Arvo akawa anakuja kutolewa damu kila baada ya wiki mbili, mrija ukisoma sitini na moja, kisha thelathini na nne, kisha kumi na tisa.

"Ngapi leo?" aliuliza kila mara.

"Kamuulize daktari."

"Uso wako umeshanijibu. Dawa hizi zinanipa njaa ya dubu, shemeji. Umepika nini nyumbani?"

"Kwani wewe ni mpangaji wangu?" Lakini kila jioni ya siku hizo alimkuta amekwisha kaa mezani, naye akampakulia, akifurahi kuwa na mtu wa kula naye.

Mwaka uliofuata hospitali ilinunua mashine mpya ya kupima protini hizo. Watu walidhani Lempi atanuna kwa ajili ya mrija wake. Alijifunza kuiendesha kwa siku nne, akaisifu kwa moyo mweupe. Alistaafu majira ya joto ya 1981, akalima viazi.